Malezi ya Watoto Katika Imani: Kazi Ambayo Hatukunyang'anywa

(Hotuba ya wazazi iliyosomwa katika mkutano wa Siku ya Mtoto wa Afrika, kambi ya Dzaleka, Malawi)

  

Kamati ilitupa sisi wazazi kazi ya kuandaa maneno juu ya nafasi ya dini katika malezi ya watoto. Tulioketi kuyaandika ni akina baba na akina mama, Wakristo na Waislamu, kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Tulikutana jioni tatu. Jioni ya kwanza tulikubaliana upesi sana, kwani kila mmoja alisema yale yanayosemwa siku zote: kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu, na dawa yao ni dini. Jioni ya pili mama mmoja kati yetu akauliza, "Dini ipi? Ile tunayowatuma wakajifunze, au ile wanayotuona nayo nyumbani?" Tangu hapo maneno yetu hayakwenda upesi tena. Hotuba hii ni majibu yetu kwa swali la mama huyo.

SIKU YENYEWE

Ndugu zetu, siku hii tunayoiadhimisha iliwekwa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika, nayo husherehekewa tangu mwaka 1991. Inakumbuka tarehe 16 Juni 1976, wakati watoto wa shule wa Soweto, Afrika Kusini, walipoandamana kukataa kufundishwa kwa lugha ya Kiafrikaans, na wengi wao wakapigwa risasi. Tunaitaja habari hii kwa sababu inatufundisha jambo moja. Watoto huona. Mtoto huona jambo lisilo la haki hata kama wakubwa wamelizoea, tena mara nyingine hulisema wakati wakubwa wamenyamaza. Ikiwa wanaona makosa ya serikali, watakosaje kuona makosa ya baba na mama katika nyumba ya chumba kimoja?

TULIVYOPOTEZA NA TULICHOBAKI NACHO

Mahali hapa, kabla ya kuwa kambi, palikuwa gereza walimofungwa wapinzani wa kisiasa enzi za Rais Kamuzu Banda. Mwaka 1994 pakafunguliwa kwa wakimbizi. Palipangwa kwa watu wapatao elfu kumi au zaidi kidogo. Leo tumepita elfu hamsini. Wapo waliofika hapa wamebebwa mgongoni ambao sasa ni wazazi, na watoto wao hawajaona kijiji cha babu zao hata siku moja.

Kule tulikotoka, mtoto hakulelewa na watu wawili. Bibi alimfundisha kusalimu. Shangazi alimwambia binti mambo ambayo mama huona haya kuyasema. Mjomba alimwonya kijana. Jirani akimkuta mtoto wako anafanya ovu alimkanya, nawe ukamshukuru. Mazishi, mavuno, ndoa, vyote vilikuwa shule. Vita vilipotutawanya, vilitawanya na waalimu hao. Hapa baba na mama wamebaki peke yao, na nyumba nyingi zina mmoja tu, au zina dada mkubwa wa miaka kumi na sita anayelea wadogo zake.

Tena baba mwenyewe hana kazi ya kumwonyesha mtoto. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, hapo mwaka 1987, ilieleza kwamba vifungu kadhaa itavichukua kama mapendekezo tu, si wajibu wa kisheria: miongoni mwavyo kile cha kazi ya mshahara, kile cha elimu ya umma, na kile cha uhuru wa kwenda mtu atakako. Mwaka 2023 ndugu zetu wengi waliokuwa wakifanya biashara mijini walirudishwa kambini. Hivyo mtoto humwona baba yake ameketi kivulini, na humwona mama yake kwenye foleni, akingoja kupewa na wengine kile ambacho kule nyumbani angekitoa shambani mwake.

Lakini katika Mkataba ule ule kuna Kifungu cha 4. Kinasema kwamba mkimbizi atapewa uhuru wa kuabudu, na uhuru juu ya elimu ya dini ya watoto wake, usiopungua ule wa mwenye nchi. Na Kifungu cha 42 kinaeleza kwamba Kifungu hicho cha 4 ni mojawapo ya vile ambavyo hakuna serikali inayoruhusiwa kuviwekea masharti. Tafadhali tulitafakari jambo hili. Shamba linaweza kuzuiwa. Safari inaweza kuzuiwa. Kazi hii ya kumlea mtoto katika imani, serikali zote zilizotia mkono katika Mkataba zimekubali kwamba ni yetu. Tukiiharibu, hatuna wa kumlaumu.

DINI YA KUTUMWA NA DINI YA KUONWA

Sasa tujiulize: tumeutumiaje uhuru huo? Hapana shaka tumejitahidi. Nyumba za ibada ni nyingi hapa kambini. Jumapili watoto wanaimba kwaya, na siku za juma wengine wanakwenda madrasa wakiwa wamekumbatia juzuu zao. Tunawashukuru sana waalimu wa shule ya Jumapili na maustadhi, ambao wengi wao hufundisha bila malipo yoyote.

Hata hivyo ni dhahiri kwamba wengi wetu tumefanya kama mtu anayempeleka mtoto kliniki achanjwe, kisha akadhani mwaka mzima hataugua. Mwalimu anakaa na mtoto saa mbili. Saa zilizobaki mtoto yuko pamoja nasi, akitutazama.

Na anatazama nini? Mwenye duka anayetukopesha unga akija kudai, baba hujificha nyuma ya pazia na kumtuma mtoto: "Mwambie baba hayupo." Mama anatoka kwenye maombi ya usiku kucha, akifika bombani anamtukana mwenzake kwa ajili ya nafasi ya ndoo moja. Shemeji anafunga Ramadhani, lakini mke wake anasikika akilia usiku. Mtoto hatuulizi kitu. Anaandika tu moyoni. Wazee walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nasi tunaongeza kwamba kumlea si kumwambia tu.

HABARI YA MWENZETU MMOJA

Jioni ya tatu mmoja wetu alitueleza jambo lililompata, nasi kwa ruhusa yake tunalisema hapa bila kumtaja.

Mwenzetu huyo anamlea mpwa wake, mtoto wa dada yake marehemu. Ulipofika wakati wa uhakiki wa familia, aliogopa. Alisikia watu wakisema kwamba mtoto asiye wako anaweza kuondolewa kwenye kadi, na kwamba ikitokea bahati ya kuhamishiwa nchi ya tatu, huyo ataachwa nyuma. Basi aliwaketisha watoto wawili, mwanawe wa miaka kumi na yule mpwa, akawafundisha la kusema: kwamba wametoka tumbo moja, na kwamba wote wanatumia jina lake. Mwanawe akamwuliza, "Baba, si ni uongo?" Akajibu, "Mungu anaelewa tukiwa na shida." Kisha wakasali, wakalala.

Miezi ikapita. Siku moja alimpa mwanawe fedha za mkaa. Mtoto akarudi bila mkaa, akasema fedha zimeanguka njiani. Baadaye ikajulikana kwamba yeye na binamu yake walinunua mandazi wakala. Baba akashika fimbo, akauliza, "Nani amekufundisha uongo?" Mtoto akajibu, wala hakujibu kwa kiburi: "Baba, ulisema Mungu anaelewa tukiwa na shida. Sisi tulikuwa na njaa."

Mwenzetu anasema mkono ulishuka wenyewe.

Alikaa siku kadhaa na jambo hilo. Mwishowe aliwachukua watoto wote wawili, akaenda kukaa kwenye benchi tangu asubuhi, akaomba kusahihisha maelezo yake. Mpwa akaandikwa kuwa ni mpwa, kwa jina la baba yake mzazi. Hatutaki kuwadanganya kwamba alipewa zawadi. Mgao haukuongezeka, na mpaka leo hajui kama kusema kweli kutampunguzia nafasi au la. Lakini walipokuwa wakirudi nyumbani, yule mpwa alimwuliza, "Mjomba, kwa hiyo sasa ninaweza kulisema jina la baba?"

Ndugu zetu, tuliposikia maneno hayo tulinyamaza. Kwani tulitambua kwamba mtoto huyo alikuwa amefiwa na baba yake mara mbili: mara ya kwanza kwa vita, na mara ya pili kwa mdomo wetu. Na aliyefanya hivyo hakuwa mtu mbaya. Alifanya kwa upendo.

DINI ZETU ZINASEMA NINI

Hapo ndipo tulipoyarudia mafundisho ya dini zetu, tukaona kwamba jambo hili halikuanza na sisi.

Waislamu kati yetu walitukumbusha kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) mwenyewe alikuwa yatima. Baba yake alifariki kabla hajazaliwa, na mama yake alipokuwa na umri wa miaka sita hivi. Akalelewa na babu yake Abdul Muttalib, kisha na ami yake, Abu Talib. Tena Kurani inaagiza kwamba mtoto wa kulelewa aitwe kwa jina la baba yake mzazi. Malezi ya namna hiyo huitwa kafala, nayo yametajwa hata katika Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, Kifungu cha 20. Maana yake ni kwamba unaweza kumpa mtoto sahani ile ile, mkeka ule ule na daftari lile lile kama mwanao wa kuzaa, bila kumfutia ukoo wake. Upendo hauhitaji uongo.

Wakristo kati yetu walitaja nyumba ya Yusufu wa Nazareti, aliyemlea mtoto ambaye hakumzaa, akamchukua yeye na mama yake usiku, wakakimbilia Misri kwa kumhofu mfalme Herode. Kwa hiyo familia ambayo kila Krismasi tunaiimbia ilikuwa familia ya wakimbizi, na baba wa nyumba hiyo alikuwa mlezi.

Na wote kwa pamoja tuliguswa na habari ya Waislamu wa kwanza waliovuka bahari kwenda Habasha, yapata mwaka 615, wakaomba hifadhi kwa mfalme Mkristo, Najashi. Mapokeo ya Kiislamu yanasimulia kwamba adui zao waliwafuata huko, wakamchochea mfalme awaulize wanasema nini juu ya Isa mwana wa Mariamu. Wakimbizi wale walijua kwamba jibu linaweza kuwagharimu hifadhi yao. Wakashauriana, wakaamua kusema lile walilofundishwa, liwe liwalo. Jaafar bin Abi Talib akasema kwa niaba yao, na mfalme akawaacha wakae kwa amani. Sisi ambao tumeketi mara nyingi mbele ya meza ya kuhojiwa, tunaijua hofu yao. Tuwasimulie watoto wetu habari hii, wajue kwamba mkimbizi anaweza kuwa mtu wa kweli.

TUSIITUMIE DINI KUMWUMIZA MTOTO

Yapo mambo mawili ambayo hatuna budi kuyasema waziwazi, ingawa hayapendezi.

La kwanza ni fimbo. Tulibishana sana hapa, kwani wapo wanaoona kwamba maandiko yanawaamuru kuchapa. Hatukumaliza ubishi wote. Tulikubaliana hivi: mchungaji wa mbuzi hutumia fimbo kuwaongoza wasiingie shamba la watu, wala hawavunji miguu. Na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, katika Kifungu cha 20, unawataka wazazi waweke nidhamu ya nyumbani kwa ubinadamu na kwa kuheshimu utu wa mtoto. Zaidi ya yote, tumekubaliana kwamba mtoto asipigwe kamwe kwa sababu ya kusema kweli. Ukimpiga mtoto aliyekiri, umemfundisha kwamba mara nyingine afiche vizuri zaidi. Binti aliyefundishwa hivyo hatakuambia anapofuatwa njiani na mtu mzima, na kijana hatakuambia siku alipoonja kachasu kwa mara ya kwanza. Utayajua yakiwa yamekwisha kuharibika.

La pili ni kumwita mtoto mchawi. Sisi tuliotoka Kongo tunajua yaliyotokea katika miji yetu, hasa tangu miaka ya 1990: watoto kufukuzwa nyumbani kwa kusingiziwa uchawi, na wengine kuteswa kwa jina la maombi. Mara nyingi walikuwa yatima au watoto wa kambo, yaani wale ambao dini zetu zinatuamuru tuwatunze kwanza. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, Kifungu cha 41, inakataza jambo hilo, na sheria ya kumlinda mtoto ya mwaka 2009 inaliadhibu. Njaa ikiingia nyumbani, chanzo chake ni mgao kupungua, wala si mtoto wa marehemu aliyelala pembeni ya mlango. Kiongozi wa dini anayesema vinginevyo, sisi wazazi tusimpe mtoto wetu.

TUNAYOYAAHIDI NA TUNAYOYAOMBA

Kwa kuwa hotuba bila matendo ni kelele, sisi wazazi tulioandika maneno haya tumeahidiana mambo manne.

1. Hatutamtuma mtoto kusema neno ambalo sisi wenyewe tungeona haya kulisema kanisani au msikitini. Mwenye duka akija kudai, tutatoka wenyewe, hata kama tutakalosema ni "sina, nivumilie".

2. Kila jioni tutasali pamoja na watoto, hata kwa dakika tano. Na kabla ya kusali, mzazi aliyekosa siku hiyo ataomba radhi mbele yao. Wengi wetu tunaona jambo hili ni gumu kuliko kufunga, ila tumeanza.

3. Mtoto tunayemlea ambaye si wa kuzaa tutamwambia majina ya wazazi wake, kijiji chao na dini yao, kadiri tunavyoyajua. Kama wazazi wake walikuwa Waislamu nasi ni Wakristo, au kinyume chake, tutatafuta jirani wa dini ile amfundishe. Mtoto si mateka wa dini yetu.

4. Tutawakanya watoto wa wenzetu kwa upole, na tutapokea wenzetu wakiwakanya wetu, ili turudishe hata sehemu ndogo ya ujirani tuliouacha nyumbani.

Kwenu viongozi wa dini, tunaomba mtutembelee majumbani. Mnatuona tukiwa tumevaa nguo safi. Njooni mtuone tukipika.

Kwenu ndugu wafanyakazi wa mashirika, tunasema kwa heshima. Tunajua mnadanganywa mara nyingi, na tunajua uongo wetu huwaumiza wenzetu wakweli. Lakini mkumbuke kwamba uongo mwingi hapa huzaliwa na hofu, na hofu huzaliwa na kutojua. Tuelezeni kwa lugha tunayoisikia: mtoto wa kulelewa ana haki gani kwenye kadi? Mtu akikosea maelezo, aende wapi? Na mzazi anapokuja kwa hiari yake kusahihisha, msimpokee kama mwizi aliyekamatwa. Mara nyingi amekuja na mtoto, na mtoto anatazama tena. Mkimdhalilisha mzazi siku hiyo, mtoto atahesabu kwamba kweli hailipi, na kazi yetu ya miaka itakuwa imeanguka chini.

HITIMISHO

Na ninyi watoto, msidhani tumewasahau. Tunajua mmesikia yote. Mkituona tunafanya kinyume cha maneno haya, tukumbusheni kwa adabu, kama yule mwana wa mwenzetu alivyofanya. Tutaona aibu, lakini hatutawapiga.

Ndugu Mwenyekiti, hatujui watoto hawa watakulia wapi. Pengine watarudi Kivu au Burundi, pengine watapelekwa ng'ambo, pengine watabaki hapa Dowa. Hatuna shamba la kuwarithisha, wala nyumba, wala ng'ombe. Tunachoweza kuwapa ni jina lao la kweli, na mazoea ya kusema kweli mbele ya Mungu na mbele ya watu. Mzigo huo hauzidi kilo kwenye safari yoyote.